Midomo iliyofungwa

Tumerudi nyumbani leo asubuhi. Mwanangu wa miaka 4 aliondolewa nyama za puani jana, na sasa amelala kitandani kwangu.

Kwa karibu miaka 2 mtoto huyu amekuwa akilala kinywa wazi, akikoroma kama mzee aliyeshinda shambani, na mara nyingine pumzi ilikatika kwa sekunde kadhaa kabla hajashtuka na kugeukia upande wa pili. Bibi yake alisisitiza kuwa ni mafua tu.

Upasuaji wenyewe haukufika hata saa moja. Kungoja nje ya mlango ndiko kulikokuwa kurefu.

Mchana amekunywa uji uliopoa, vijiko 6 (nilivihesabu), akalalamikia sikio kuliko koo, jambo ambalo daktari alikwisha kututahadharisha.

Kisha akalala, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba niliinama nikaweka kiganja karibu na uso wake ili nihakikishe anapumua.

Pumzi ilikuwa ikitoka puani, ya vuguvugu na ya taratibu.

Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba huenda akaendelea kukoroma kwa siku kadhaa kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo sikulitarajia hilo leo, nami nimekaa pale ukingoni mwa kitanda nikimtazama hadi chai yangu ikapoa.

Wazazi mliopitia haya, watoto wenu walirudia chakula cha kawaida baada ya siku ngapi? Huyu wangu ameshaanza kuulizia chipsi.