Siku moja na daftari la wakulima, Tukuyu

Saa 1:30 asubuhi. Tukuyu mvua haiulizi msimu. Imeshaanza kabla sijafungua ofisi. Ninatunza daftari la ushirika wa wakulima hapa Rungwe, watu wa chai, parachichi, mahindi na viazi. Leo nasafisha orodha ya mbolea ya ruzuku. Tangu mpango huo uzinduliwe Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, siku ya Nane Nane 2022, mkulima lazima awe ameandikishwa ndipo apate bei ya ruzuku. Jina likiandikwa mara mbili, hesabu ya mifuko inaharibika. Jina likifutwa kimakosa, kuna shamba litakalokosa mbolea. Naliogopa zaidi hilo la pili.

Saa 2. Mafaili ya vijiji yote nimeyaunganisha kwenye jedwali moja la Excel, mistari zaidi ya 11,000. Kabla ya kugusa chochote nahifadhi nakala ambayo haitaguswa, kisha naongeza safu ya namba za mfululizo, 1 mpaka mwisho. Nikishapanga na kupangua, safu hiyo ndiyo itakayonirudisha kwenye mpangilio wa awali.

Halafu usafi. Amri ya TRIM inaondoa nafasi zilizojificha mbele na nyuma ya majina. Kwa macho huzioni, lakini kwa kompyuta jina lenye nafasi mwishoni ni jina jingine kabisa. Simu nazo zimeandikwa kila namna: nyingine zina +255, nyingine zinaanza na 0, nyingine 0 imeliwa kwa sababu ziliingizwa kama hesabu. Naondoa nafasi za katikati, kisha nachukua tarakimu tisa za mwisho tu kwa amri ya RIGHT, na zote zinakuwa sawa.

Saa 4. Hapa pana hatari ambayo ningependa kila karani aijue. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiichapa NIDA kwenye kisanduku cha kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena. Matokeo yake, watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Safu inatakiwa ifanywe ya maandishi kabla ya kuchapa namba ya kwanza. Na hata ikiwa ya maandishi, COUNTIF, amri ya kuhesabu kitu kimejirudia mara ngapi, bado inazisoma kama hesabu na kulinganisha zile 15 za mwanzo. Dawa ni kuongeza nyota mwishoni (safu yangu ya NIDA ni D):

=COUNTIF(D$2:D$11500,D2&"*")

Vijiji viwili vimeleta namba zinazoishia na sifuri tano. Hizo hazitengenezeki hapa mezani. Naziwekea rangi ya njano na kuwapigia maafisa ugani wasome upya kutoka kwenye fomu za karatasi.

Saa 7 mchana, mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage, haraka.

Saa 8. Sasa kupanga. Nachagua jedwali lote, si safu moja. Ukipanga safu ya majina peke yake, majina yanahama na simu zinabaki, na daftari limekufa. Huku kwetu kupanga kwa jina la ukoo hakusaidii sana, maana Mwa- inajaza kurasa kwa kurasa. Naanza na jina la kwanza, kisha la baba, kisha kijiji. Ndipo Ambakisye na Ambakisie wanakaa jirani, Mwakyusa mmoja na Mwakiusa mwingine, kijiji kimoja, simu moja. Amri ya kuondoa marudio isingewagusa, kwa sababu inatafuta herufi zinazofanana. Jicho linawaona.

Saa 9 napiga simu kwa wale wanaotia shaka. Mama mmoja wa bondeni, namba yake imeandikwa kwa majina mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Namsomea majina yote mawili.

"Huyo wa pili ni mke mwenzangu. Simu yetu moja, mashamba mawili. Usimtoe!"

"Simtoi mama. Ndaga fijo," namshukuru kwa Kinyakyusa.

Wote wawili wanapata rangi ya kijani. Kwa simu peke yake, yule mama wa pili angekuwa ameshafutwa. Ndiyo maana sikubali simu iwe kigezo pekee, hata siku tukiwa na haraka ya kutuma orodha. Simu ya kijijini mara nyingi ni ya nyumba nzima.

Saa 10:30. Kufuta kwenyewe kunachukua dakika chache. Natanguliza juu mistari yenye tarehe mpya, kwa kuwa amri ya kuondoa marudio iliyo kwenye kichupo cha Data inabakiza mstari wa kwanza inaoukuta na kutupa wa chini. Nataka ibakize taarifa za karibuni. Naweka alama kwenye NIDA, jina na kijiji kwa pamoja. Mistari ya njano na ya kijani nimeshaihamishia ukurasa wake, haipitii hapo. Na zile NIDA? Kwa kazi hii nimezitangulizia herufi N, zisomwe kama maandishi matupu.

Saa 11:15 nachapa orodha kijiji kwa kijiji. Zitabandikwa kwenye ofisi za vijiji kabla hatujatuma popote, ili asiyeona jina lake aje na fomu yake. Za vijiji vile viwili vyenye sifuri tano sijazichapa. Zinasubiri maafisa ugani wapige.