Seramu ya wanawake

Januari 2020 nilikuwa Cape Town nikisomea shahada ya uzamili, natengeneza kihisio cha kupima PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Baba mdogo alikuwa ameshafariki kwa saratani ya tezi hiyo. Alipofika hospitali ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Nilitaka kipimo cha zahanati, tone moja la damu na majibu hapo hapo, kama mashine ya sukari.

Sukari inapimika kirahisi kwa sababu iko tele: mililita moja ya damu ina karibu miligramu moja. PSA humtia daktari shaka ikifika nanogramu 4 tu, mara 250,000 chini ya hapo. Na katika seramu, yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda, mililita hiyo hiyo ina miligramu 40 hivi za albumini, protini inayong'ang'ania karibu kila inachogusa.

Kwenye bafa, yale maji safi ya chumvi ya maabara, kihisio kilifanya kazi vizuri sana. PSA iliponaswa na kingamwili juu ya elektrodi, kipande cha dhahabu kinachopitisha umeme, ilizuia umeme, na mkondo ulishuka kwenye skrini kadiri nilivyoongeza kiasi. Kisha nikaweka seramu ya wanawake. Wao hawana tezi dume, PSA yao ni kidogo mno, kwa hiyo mkondo ulitakiwa ubaki palepale. Ukaporomoka. Nikabadilisha elektrodi, ukaporomoka tena. Kwa kipimo kile, mwanamume mzima wa afya angepelekwa kukatwa kipande cha tezi kwa uchunguzi bure. Nilikosa raha siku nzima.

Mwenzangu wa Mwanza, aliyenitangulia pale maabara, akautazama mchoro. "Hiyo siyo PSA, mdogo wangu. Albumini imejaa juu ya dhahabu. Ifunike wewe kabla damu haijaifunika."

Akanipa makala ya watafiti wa Wyss Institute, Harvard, iliyotoka 2019. Walichukua albumini yenyewe, wakaifunga kwa glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha protini, ikawa utando wenye vitundu, wakachanganya humo nyaya ndogo mno za dhahabu ili umeme upite. Albumini inazuia albumini! Niliisoma nimesimama.

Kilichotusumbua ni vipimo: glutaraldehaidi ikizidi, umeme haupiti, ikipungua, utando unabanduka ukisuuzwa. Hatimaye seramu ya wanawake ikatulia palepale, na ile tuliyoitia nanogramu 4 za PSA ikashusha mkondo. Nilimpigia mama Morogoro kabla hata sijavua glavu. Mwenzangu aliukagua mchoro mara mbili, akaniuliza damu nzima naileta lini.