Mama Anapika Samaki

Jana jioni umeme ulipokatika, jirani aliwasha jiko la mafuta ya taa uani. Harufu ile ilipoingia ndani haikunipeleka jikoni kwa bibi, nilikokulia, bali katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, kwenye darasa la mwaka wa tatu lililopashwa moto kwa hita ya mafuta hayohayo, theluji ikiwa imerundikana nje hadi usawa wa madirisha.

Ilikuwa Januari, na mtihani wa kuingia sekondari ya juu ulikuwa umekaribia. Nilikuwa mwalimu msaidizi, kama wageni wengi walioingia shule za huko tangu mpango wa JET, ule wa serikali ya Japani wa kualika wageni kusaidia kufundisha Kiingereza, ulipoanza mwaka 1987: mwalimu mwenyeji hufundisha sarufi, mgeni hutamka. Siku hiyo kijana wa safu ya nyuma alisimama kusoma, na alipofika penye neno la Kiingereza la dawati akasema "desuku". Mwalimu akanigeukia, nami nikatamka. Kijana akarudia, "desuku". Nikatamka tena. Mara ya tatu hakusema kitu. Alibaki amesimama, masikio yamemwiva, akiyasogeza kwa ncha ya kidole mabaki ya kifutio juu ya dawati lake, chembe baada ya chembe, mpaka yakawa mstari ulionyooka ukingoni, na darasa zima likainamisha macho kama watu walio msibani. Niliona wazi kwamba kila nilipotamka vizuri zaidi, ndivyo yeye alivyozidi kuzama.

Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: Mama anapika samaki. Nikamwomba asome. Akautazama ubao, akameza mate, akasoma. Na alisoma sawasawa, kila irabu mahali pake, kana kwamba amezaliwa Tanga. Watoto wa Kijapani hujifunza tangu shule ya msingi kuandika lugha yao kwa herufi za Kirumi, na a, e, i, o, u zao husomwa kama zetu. Maneno yao mengi nayo, kama yetu, huishia kwenye irabu. Nikachora samaki. Nikaeleza, kwa Kijapani changu cha kuungaunga, kwamba neno la Waingereza la gari la abiria sisi tuliliongezea i tukapata "basi", wao wakaliongezea u wakapata "basu", na kwamba kamera na benchi tunaviita kwa jina lilelile. Akaketi, akaandika basi na basu daftarini, moja chini ya lingine, akayapigia mstari kwa rula.

Mwalimu mwenyeji alitazama saa. Baada ya kipindi aliniambia kwa upole kwamba dakika 10 zimekwenda, na kwamba hayo hayatakuwamo kwenye mtihani. Hakukosea: mtihani ule ndio ungeamua kijana aende shule gani, na hadi Machi, walipohitimu, alikuwa bado akisema "desuku". Lakini tangu siku ile, kila asubuhi tulipokutana penye makabati ya viatu, aliinama na kusema kwa sauti kamili, "Mama anapika samaki, sensei".

Matokeo yake sikuwahi kuyapata. Jana, gizani, nilikuwa bado nikizihesabu zile dakika 10, nisijue kama nilimpa au nilimpunguzia.