Aliyepinda ni wewe

Wiki hii tumemzika mjomba kule Misungwi, barua yangu ya kupanda daraja imetoka baada ya kuzungushwa sijui mara ngapi, na mwanangu Neema ameng'oka jino la mbele. Yote hayo yamepita. Kilichobaki ni maneno matano ya Baba. Leo ni siku ya nne natembea nayo, nayaosha pamoja na vyombo, nasahihishia nayo madaftari ya darasa la nne, na hayatoki.

Ilikuwa Jumanne jioni. Baba amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mimi nimepiga magoti mbele yake kama kawaida. Mnaonifuata humu mnajua tulikofika: kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, wiki za mwanzo hata kujigeuza kitandani alikuwa hawezi. Sasa anakaa. Ila akikaa anaenda kushoto, tena haendi kwa udhaifu tu, anajisukuma. Ule mkono mzima wa kulia unaukamata ukingo wa kitanda, mishipa inamsimama mpaka kwenye kiwiko, na anajisukuma kuelekea upande ule ule usioweza kumpokea. Ukimshika bega umrudishe, ndiyo kwanza anaongeza nguvu. Na hizo ni nguvu za fundi mwashi aliyepandisha matofali kwenye majabali ya Igogo tangu sijazaliwa.

Nilikuwa nimechoka. Daladala ya kutoka Igoma ilisimama kila penye mtu, wali ulikuwa jikoni unanukia kuungua. Nikamwambia, kwa sauti ile ninayowawekea wavulana wa dawati la nyuma: "Baba, si ukae wima basi!"

Akanitazama. Kichwa kimelala upande kama kuku anayesikiliza mwewe. Ulimi bado mzito, kwa hiyo alilitoa neno moja moja.

"Mayu, niko wima. Aliyepinda ni wewe."

Angelisema kwa hasira ningelipuuza palepale. Hasira ya mgonjwa nimeizoea, nimeshaitwa mwizi wa sukari na mchawi wa Geita. Lakini alilisema kwa upole, kama mtu aliyekaa na jambo moyoni siku nyingi akaona leo na litoke.

Mnakumbuka nilivyorudi hapa nyumbani mwaka 2022, mabegi mawili na mtoto mgongoni. Baba hakuuliza kitu. Hakusema nimekosea, hakusema mume ndiye aliyekosea. Kesho yake asubuhi alitoka kwenda kutafuta mchanga, na baada ya wiki tatu mimi na Neema tulikuwa na chumba chetu na jiko kule nyuma, pale mwamba unapoanza kupanda. Miaka yote hii nimeuchukulia ule ukuta kuwa ndilo jibu lake. Sasa fikirieni, kumbe jibu alikuwa nalo lingine, na limesubiri mpaka ubongo umelegeza komeo.

Nimeyageuza kila namna. *Aliyepinda* ni wewe. Aliyepinda ni *wewe*. Je, kulikuwa na kituo kati ya "wima" na "aliyepinda", au alivitamka pamoja? Ndani ya daladala Jumatano nilijikuta namjibu kwa midomo, najieleza habari za Shinyanga, za yule bwana na zile simu zake za usiku, mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akanisogezea nafasi zaidi ya niliyoihitaji.

Alhamisi akaja binti wa mazoezi. (Mwenyewe anasema fizio, Baba anamwita daktari, sisi wengine tunamwita binti wa mazoezi.) "Shikamoo mzee." "Marahaba mjukuu." Nikamwambia tu kwamba mgonjwa wake siku hizi amekuwa mbishi, ukimweka sawa anabisha kwamba yuko sawa tangu zamani.

Akacheka. "Habishi huyo, Mwalimu. Anakwambia anachokisikia mwilini."

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Mtu hujua yuko wima kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa taarifa zinazotoka mwilini, nyayoni, kwenye viungo, kwenye makalio aliyokalia. Ubongo ndio unaozikusanya na kutoa hukumu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi hukumu hiyo inapotoka: wima wa mwili umehama. Ukimleta Baba kwenye wima wa kweli, yeye anasikia anaporomokea kulia, kwa hiyo anajiokoa kwa mkono alio nao. "Wewe unamvuta umwokoe," akasema, "yeye anaona unamtupa bondeni. Wewe ungetulia?" Alisema si jambo geni, mtaalamu wa mazoezi aitwaye Patricia Davies aliliandika tangu 1985. Mwaka niliozaliwa mimi! Na kwamba kwa walio wengi huisha ndani ya miezi sita, mradi mazoezi yasikatike.

Dawa yake sasa ni kuacha kushindana naye. Macho ya wagonjwa wa namna hii mara nyingi bado yanaujua wima vizuri, kwa hiyo unayaita macho yatoe ushahidi. Akamuuliza Baba, "Mzee, humu ndani kuna kitu gani kimesimama wima kabisa? Fremu ya mlango je?"

Baba akaikagua fremu ile kuanzia juu mpaka chini. "Hiyo imeliwa na mchwa," akasema. "Lete timazi."

Nilikaa kidogo kabla ya kuelewa. Timazi, ule uzi wa fundi wenye shaba ya kupimia wima! Ilikuwa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, na misumari, na kipande cha pimamaji kilichopasuka kioo. Ile shaba imekuwa nyeusi, uzi una mafundo manne na unanuka saruji. Neema akapanda stuli akaufunga juu ya mlango. Timazi ikazunguka, ikayumba, tukaisubiri wote wanne kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya kura. Ikatulia.

"Uzi uko sawa?" binti akauliza.

"Uzi hauna ubishi."

Akamsogezea kioo. "Haya, tazama vifungo vya shati lako, halafu tazama uzi."

Baba alitazama muda mrefu. Vifungo vilikuwa vimeshuka mshazari kama ngazi ya dari. Nikaona uso wake unabadilika, uso ule ule wa kukuta kibarua amempandishia kozi tatu ovyo.

"Ukuta huu uvunjwe," akasema.

Hakuna aliyemgusa. Binti akaweka kikombe cha chai juu ya stuli upande wa kulia, mbali kidogo kuliko mkono unavyofika, akamwambia akifuate. Hapo ndipo nilipoona ujanja wenyewe: mkono uliokuwa unasukuma umepewa kazi nyingine, na ili ukifikie kikombe lazima uzito uhamie kalio la kulia. Baba akahama. Akatetemeka, akatazama uzi, akahama tena. Nilihesabu mpaka kumi na moja, ndipo akaanza kurudi kushoto. Kwenye kile kipimo chao cha Berg, cha kuona mtu anavyojimudu bila kuanguka, chenye majaribio 14 na alama 56, mwezi uliopita alipata 4. Alhamisi amepata 9. Mwalimu mimi, ningempa nyota kwenye daftari.

Kwa hiyo nilicheka mwenyewe jikoni usiku ule. Siku mbili namtetea mwanamke aliyeachika mbele ya hakimu ambaye kumbe alikuwa anaripoti pembe tu.

Ningeliacha hapo. Lakini mnanijua. Jana usiku, namvalisha fulana (mkono mgonjwa kwanza, sitasahau tena), nikamuuliza.

"Baba, Jumanne uliniambia nimepinda."

Akafikiri. "Nilisema?"

"Ulisema."

"Basi labda ulikuwa umepinda," akasema, akaomba chai.

Leo asubuhi tukiwa kwenye mazoezi, kioo kiko palepale, nikajiona. Nimepiga magoti, bega moja juu, jingine chini, nimelalia kulia kwangu kumkinga anakoangukia. Nimepinda kweli. Sijui ni lini nimeanza kukaa hivyo.

Sasa ni saa nne usiku na kesho saa tisa ni kikoba, hapa kwangu. Daftari na sanduku havipatani, zimepungua sh. 12,000, nimehesabu mara tatu. Jina la Mama Kulwa nimeliandika kwa penseli, na sikumbuki kama penseli nilimaanisha ameshalipa au ameahidi.