Dakika 15 za minti

Juzi mwanangu kamwaga dawa ya kusukutua bafuni, nyumba nzima ikanuka minti. Nikarudi Sacramento, California, mwaka 2019, ndani ya Corolla ya shemeji, saa 11 na nusu alfajiri.

Kesi yake ya kuendesha gari akiwa amelewa iliisha haraka. Kosa la kwanza, hakuna aliyeumia. Badala ya kwenda ndani akawekwa chini ya uangalizi, kwa sharti la darasa la saa 30 ndani ya miezi 3, na kifaa cha kupima pumzi garini kwa miezi 6. Gharama zote juu yake. Darasani ndiko alikoelewa kilichomponza: kiwango cha pombe kwenye damu hupungua kwa takriban asilimia 0.015 kwa saa, na kahawa haiharakishi kitu. Aliyeacha kunywa saa 7 usiku akiwa na 0.16 anafika saa 12 asubuhi bado ana kama 0.085, na California kikomo ni 0.08. Yeye walimkamata asubuhi, akienda kazini, ameshaoga.

Sasa alfajiri ile akavuta pumzi, akapuliza mpaka kifaa kikalia. Nyekundu. Stata ikafungwa.

"Shem, nipulizie wewe."

Juu ya dashibodi kulikuwa na kamera, kijicho tu. Ilimpiga picha kila anapopuliza, na fundi alisoma kumbukumbu zote kila baada ya siku 60. Nilikitazama kijicho kile kwa muda.

"Umesukutua kwa dawa?"

"Nimesukutua."

"Na jana usiku?"

Akawa anafuta kioo kwa mkono wa shati.

Dawa nyingi za namna hiyo zina pombe, na kifaa hakijui kama imetoka mdomoni au mapafuni. Dakika ndizo zinazojua: ya mdomoni huisha ndani ya 15 hivi, ya kwenye damu bado ipo. Akasukutua kwa maji ya chupa mara 3, akitema nje ya mlango. Tukakaa kwenye baridi. Injini imezima, hita ya nani? Mimi nahesabu dakika, yeye anahesabu zamu yake ya saa 12. Dakika ya 16 akapuliza tena.

Kijani.

Akacheka kwa sauti, akawasha gari. Kwenye taa za kwanza akaniuliza kwa nini nilikuwa naikodolea macho ile kamera. Nikamwambia nilikuwa natazama saa.