Zao la Kosaini Tatu

Tulipokuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), mwalimu wetu wa hisabati aliandika ubaoni kauli mbili kuhusu kosaini ya pembe, inayoandikwa cos kwa kifupi, akatutaka tuamue kama ni za kweli. Ya kwanza, kwamba cos (A + B) ni sawa na cos A + cos B, haikutuchukua muda: tuliweka nyuzi 60 mahali pa A na pa B, upande wa kushoto ukatoa −0.5 na wa kulia ukatoa 1. Mfano mmoja unaoipinga kauli ya namna hiyo unatosha kuiangusha.

Ya pili ilidai kwamba cos 20° × cos 40° × cos 80° ni 1/8 kamili. Katika majedwali ya tarakimu nne tulipata 0.9397, 0.7660 na 0.1736, tukazidisha kwa mkono, jibu likawa 0.12496. Darasa likagawanyika. Wapo walioshikilia kwamba hiyo si 0.125, na kwa hiyo kauli ni ya uongo. Wengine, nami nikiwamo, tulisema kwamba namba za jedwali zenyewe zimekadiriwa, hivyo tofauti ndogo kiasi hicho haithibitishi wala haikanushi kitu. Mwalimu aliuliza tu kama jedwali lolote, hata la tarakimu mia moja, lingeweza kuumaliza ubishi wetu. Sijawahi kuulizwa swali la hisabati lililonigusa kuliko hilo.

Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alikwenda ubaoni akalizidisha zao lote, yaani kosaini zile tatu zikiwa zimezidishwa pamoja, kwa sin 20°, ambayo ni saini ya nyuzi 20. Kwa kuwa, kwa pembe yoyote θ, sin θ × cos θ ni nusu ya sin 2θ, saini na kosaini za nyuzi 20 zikawa nusu ya sin 40°. Cos 40° ikaigeuza kuwa robo ya sin 80°, na cos 80° ikaifikisha kwenye 1/8 ya sin 160°. Lakini sin 160° ni sawa na sin 20°, ambayo si sifuri, kwa hiyo tuliruhusiwa kugawanya kwayo, ikabaki 1/8 pasipo desimali hata moja.

Jioni, wakati wa kujisomea, tulitafuta kwa nini pembe iwe 20° na si 25°. Hatua zilezile, zikianzia pembe θ, huishia kwenye sin 8θ. Ili irudi kuwa sin θ, njia moja ni 8θ na θ zijumlishwe zifikie 180°, yaani 9θ iwe 180°.