Likizo katika kijiji cha wavuvi: tafuta kwanza saa za maji

Ukifika kijiji kidogo cha wavuvi, jambo la kwanza ni kuuliza saa za maji kujaa na kupwa. Wavuvi wanazijua kwa kichwa. Ratiba yako yote itategemea hapo, na wanaolalamika kwamba hakuna cha kufanya mara nyingi wamefika ufukweni kwa saa isiyofaa.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku huchelewa kama dakika 50: leo yakikupwa saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano kasoro dakika kumi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hasa siku moja au mbili baadaye, huja bamvua. Maji hutoka mbali na miamba ikabaki wazi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mikondo hupungua nguvu, na hizo ndizo siku nzuri za kuogelea kwa miwani.

Kwangu mimi, kutembea mwambani wakati wa bamvua kunashinda mengine yote. Shuka saa moja na nusu kabla maji hayajamaliza kukupwa, uyafuate yanavyotoka. Vaa viatu vya soli ngumu vilivyofungwa vizuri. Miiba ya baharini huvunjikia ndani ya unyayo na kuitoa ni kazi. Kwenye kidimbwi chuchumaa ukielekea jua ili kivuli chako kiangukie nyuma, kisha tulia dakika tatu. Kidimbwi kilichoonekana kitupu kitaanza kuchangamka: kombe linalokwenda mbio kumbe limebebwa na kaa aliyehamia humo, na kipande cha mchanga kinafumbua macho kuwa samaki. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa, maana walio chini yake hufa kwa jua. Kwenye bahari za joto usiokote kombe lenye umbo la koni, hata likiwa zuri namna gani. Baadhi ya konokono wake wana sumu ya kuua mtu.

Maji yakigeuka, ondoka. Saa ya kwanza hupanda kidogo sana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Saa ya tatu na ya nne peke yake hupandisha karibu nusu ya kimo chote, na aliye kwenye fungu la mchanga hukuta njia ya kurudi imeshafunikwa.

Kuvua kwa mshipi gatini kunahitaji vitu vichache: mshipi, ndoana ndogo, chubwi na chambo. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, zungushia ncha kwenye mshipi wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza pakavu, msuguano hupasha nailoni joto na fundo hukatika samaki wa kwanza anapovuta. Ndoana kubwa kupita kiasi ni kosa la kawaida: chambo kinaliwa, samaki haonekani.

Mashua zikirudi, nenda ukanunue. Macho ya samaki yawe maangavu na yamejaa, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Vibua na jodari waulizie barafu. Wakiachwa kwenye joto hujenga kemikali iitwayo histamini, na kupika hakuiondoi. Ukiwala, uso huwaka na kichwa huuma, mtu akadhani ana mzio. Nyavu zilizoanikwa zizunguke, usizikanyage.

Ukitaka kwenda na mashua, panga asubuhi. Nchi kavu ikishapata joto, upepo huanza kuvuma kutoka baharini na mawimbi huongezeka kadiri mchana unavyokwenda. Kabla ya kupanda hesabu maboya ya kujiokolea. Kama hayatoshi kila mtu, subiri safari nyingine.